Namba zimeshuka? Niambie kwanza mzigo umekwenda wapi

Nilikaa majuzi na meneja wa mazingira wa kiwanda kimoja kusini mwa Ontario. Akanifungulia grafu yake kwa madaha: mstari unateremka mwaka hadi mwaka kama mtu anayeshuka ngazi. Tumepunguza uchafuzi kwa nusu, akasema. Nikamwomba anionyeshe safu ya uhamisho, yaani taka alizozipeleka kwingine. Akatulia, kisha akaniuliza ya nini.

Swali hilo nimeulizwa na mameneja, na waandishi wa habari, hata na wanaharakati ambao ungedhani wao ndio wangekuwa wa kwanza kushtuka. Nimechoka kulijibu kwa mdomo, basi leo naliandika.

Rejista ninazofanyia kazi, ambamo viwanda huripoti kila mwaka kemikali vinazotoa na vinazohamisha, ni tatu: TRI ya Marekani, NPRI ya Kanada na RETC ya Meksiko. Ya Marekani ndiyo kongwe. Ilizaliwa na sheria ya 1986, baada ya gesi kuua maelfu ya watu Bhopal, India, Desemba 1984, na miezi minane baadaye kemikali nyingine kuvuja huko Institute, West Virginia, kwenye mtambo wa kampuni ileile, Union Carbide ya Marekani. Yaani tangu siku ya kwanza rejista hizi zina habari ya mipaka ndani yake. Watu wanazisoma kana kwamba dunia inaishia kwenye uzio wa kiwanda.

Dhana: namba ikishuka, uchafuzi umepungua

Si lazima, na mara nyingi sivyo. Fomu ya rejista ina safu za kilichokwenda hewani, majini na ardhini, halafu ina safu za kilichopakiwa kwenye lori kikapelekwa kwingine: kuchakatwa upya, kuchomwa, kutibiwa au kufukiwa. Jumla inayopenda kutajwa kwenye vichwa vya habari haihesabu kilichopelekwa kuchakatwa. Kwa hiyo kilo moja ya metali ya risasi ikiacha kutoka kwenye dohani ikanaswa na kichujio, na vumbi la kichujio likapandishwa lori kwenda kwa mchakataji, namba inashuka. Risasi yenyewe ipo palepale. Ni elementi, hakuna tanuru linaloweza kuiteketeza. Imesafiri tu.

Tazama mkasa wa betri chakavu za magari. Mwaka 2008 Marekani ilikaza kiwango cha risasi hewani mara kumi, kutoka mikrogramu 1.5 kwa mita ya ujazo hadi 0.15. Hatua njema, sina ugomvi nayo. Lakini Meksiko ilibaki na 1.5, na kuyeyusha betri mahali penye sheria kali ni gharama. Kamisheni ya Ushirikiano wa Mazingira, ile ya nchi hizi tatu yenye makao Montreal, ilichapisha uchunguzi wake mwaka 2013. Ilikadiria kuwa betri chakavu zilizotoka Marekani kwenda Meksiko ziliongezeka kwa kati ya asilimia 449 na 525 kuanzia 2004 hadi 2011. Nyingi hazikupitia TRI hata kidogo, maana muuza betri si kiwanda cha kutakiwa kujaza fomu. Zilionekana kwenye takwimu za biashara za mpakani. Mtu aliyefungua rejista ya upande wa kaskazini peke yake angepiga makofi.

Msomaji wa Mombasa hahitaji kuelezwa maana ya tanuru la betri uani kwa mtu. Watu wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliokuwa na kiwanda cha namna hiyo, habari iliwafikia kupitia vipimo vya damu, na mahakama ilipoamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, kiwanda kilikuwa kimekwisha kufungwa zamani.

Sasa, ukitaka kujua kama uchafuzi umezuiwa kweli, soma fomu kutoka mwisho. Huo ndio ushauri wangu kwa kila mtu, na wanafunzi wangu wamekwisha kuuchoka. Kwenye fomu ya TRI anza na sehemu ya 8. Humo mna uwiano wa uzalishaji: kilichozalishwa mwaka huu kugawanywa kwa cha mwaka jana. Ukikuta 0.6, na utoaji umeshuka kwa asilimia 40, hongera hazina mwenyewe. Kiwanda kimezalisha kidogo, kikachafua kidogo. Mwaka 2009 namba za Marekani zilishuka sana, na sababu kubwa ilikuwa mdororo wa uchumi.

Chini ya uwiano huo kuna swali ambalo Sheria ya Kuzuia Uchafuzi ya 1990 ililiweka: mwaka huu mmefanya nini kupunguza kwenye chanzo? Mmebadili malighafi? Mmeziba mivujo? Mmeacha kiyeyusho mkatumia maji? Viwanda vingi huliacha tupu. Tupu hiyo inasema mengi kuliko grafu yoyote ya rangi.

Dhana: mwenye namba kubwa ndiye hatari kuliko wote

Kila mwaka mgodi wa Red Dog, wa zinki na risasi kaskazini-magharibi mwa Alaska, hukaa juu au karibu na kilele cha orodha ya TRI, na kila mwaka kuna anayeandika kwamba pale ndipo mahali pachafu kuliko pote nchini. Namba ni kubwa kwa sababu metali iliyomo kwenye mabaki ya mgodi huhesabiwa kuwa imetolewa ardhini. Kwa upande mwingine, dioksini, sumu kali hata kwa kiasi kidogo, huanza kuripotiwa kwa gramu 0.1. Ukizipanga kwa kilo, dioksini haitaonekana kamwe. Panga kwa sumu, na kwa nani anaishi jirani.

Dhana: namba hizi zimepimwa

Nyingi zimekadiriwa. Si siri, kuna herufi kando ya namba inayosema ilipatikanaje: M ni kipimo, C ni hesabu ya kilichoingia kutoa kilichotoka, E ni kizidishio cha kawaida, O ni makadirio mengine ya kihandisi. Namba ikianguka ghafla, tazama kwanza kama herufi imebadilika. Nimewahi kuona "mafanikio" makubwa yaliyoletwa na karani aliyebadili kizidishio.

Dhana: kisichomo kwenye rejista hakichafui

TRI haikigusi kiwanda chenye wafanyakazi chini ya kumi. Monoksidi ya kaboni Kanada wanairipoti kwenye NPRI, ilhali kwenye TRI haimo. Orodha za nchi tatu hazifanani, na kemikali zinazopatikana katika zote ni sehemu ndogo. Ukijumlisha nchi na nchi bila kuchuja hizo za pamoja, umejumlisha mihogo na mabati.

Halafu kuna mto. Sarnia, Ontario, ina msongamano wa mitambo ya kemikali na mafuta ukingoni mwa mto St. Clair, na ng'ambo ni Port Huron, Michigan. Mkazi wa Port Huron akitafuta kemikali ya benzini kwenye TRI kwa kuandika jina la mji wake, mitambo ya ng'ambo haitokei. Upepo unavuka, rejista haivuki. Inabidi afungue NPRI, ambayo ni bure na haimuulizi mtu uraia.

Dhana: takwimu ni za kutukamatia

Hii husemwa na viwanda, na kwa namna yake husemwa na wanaharakati pia. Mengi yaliyomo yameruhusiwa na vibali, kwa hiyo anayetafuta wahalifu atarudi mikono mitupu. Anayetafuta mwalimu atampata. Kampuni moja huwa na kiwanda Ontario, kingine Ohio, Marekani, kingine Nuevo León, Meksiko, vyote vinapaka rangi kitu kilekile. Chukua kilo za kiyeyusho, gawanya kwa idadi ya bidhaa, kisha uliza kwa nini mmoja anatumia nusu ya mwenzake.

Yule meneja tulifanya naye hesabu hiyo. Safu ya uhamisho ilikuwa imepanda karibu sawasawa na ile ya hewa ilivyoshuka, na mpokeaji alikuwa ng'ambo ya mpaka. Hilo sasa ni la kwao, akaniambia. Nikamfungulia fomu ya kiwanda dada, cha upande huohuo wa pili, kilichokwisha kuhamia rangi ya kuchanganya kwa maji na kukiandika kitendo hicho kwenye sehemu ya 8, wazi kwa yeyote kusoma. Hakuwa amewahi kuiona. Akachukua simu, akaanza kutafuta namba ya mwenzake.