Ruhusa za mtumiaji kwenye hifadhidata ya ofisi: maana yake na zinavyofanya kazi

Ukitaja usalama wa hifadhidata, yaani mfumo wa kompyuta unaotunza taarifa za ofisi kwenye majedwali, wengi huwaza nywila. Nywila ni nusu ya habari, tena nusu nyepesi. Kila mtu anapoingia kwenye mfumo kuna maswali mawili: wewe ni nani, na umeruhusiwa kufanya nini? Nywila hujibu la kwanza tu. La pili hujibiwa na ruhusa, na ofisi nyingi hazifiki huko. Mtu akishaingia, kaingia kote.

Ruhusa ni kauli iliyoandikwa ndani ya hifadhidata yenyewe, inayosema mtumiaji fulani anaweza kufanya tendo fulani kwenye kitu fulani. Kitu chaweza kuwa jedwali zima, safu moja ya jedwali (ile ya kwenda chini, kama ya majina), au mistari michache tu. Matendo ya msingi ni manne: kusoma, kuongeza, kubadili na kufuta. Utaratibu huu ulijengwa miaka ya 1970 na watafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM katika mradi wao wa hifadhidata ulioitwa System R. Mwaka 1976 Patricia Griffiths na Bradford Wade walieleza kwa maandishi namna ruhusa inavyotolewa na inavyonyang'anywa. Amri zake mbili, GRANT ya kutoa na REVOKE ya kunyang'anya, ndizo zinazotumika hadi leo kwenye programu za hifadhidata kama MySQL, PostgreSQL, Oracle na SQL Server.

Tuchukue SACCOS ya wafanyakazi, seva moja na kompyuta tano au sita. Humo mna majedwali ya wanachama, akiba, hisa, mikopo na marejesho. Keshia anapokea marejesho, afisa mikopo anaandaa maombi, mhasibu anafunga hesabu za mwezi, meneja anaidhinisha, na mkaguzi anakuja kwa msimu. Wote wanagusa hifadhidata moja, lakini hakuna wawili wanaohitaji kitu kilekile.

Keshia ndiye mwenye somo zuri zaidi. Hudhaniwa kuwa akiruhusiwa kuongeza marejesho basi ni lazima aruhusiwe kuyabadili, maana kukosea kupo. Kaandika 500,000 badala ya 50,000, asirekebishe? Arekebishe, ila si kwa kufuta. Anaongeza ingizo la pili linaloondoa zile 500,000, kisha la tatu lenye kiasi sahihi. Salio linakaa sawa, na kosa lenyewe linabaki likionekana, na saa yake na jina la aliyeliandika. Wahasibu wa vitabu vya karatasi walifanya hivyohivyo: walichoandika kwa wino hawakukikwangua. Ruhusa ya kuongeza bila ruhusa ya kubadili ndiyo wino wa hifadhidata. Ukimpa keshia ruhusa ya kufuta kwa sababu "inarahisisha kazi", umempa pia uwezo wa kupokea fedha asubuhi na jioni kuifanya ionekane haijawahi kupokelewa. Hata kama ni mwaminifu, siku fedha ikipungua hatakuwa na cha kujitetea nacho. Ruhusa finyu humlinda yeye pia.

Kwa afisa mikopo suala ni la safu. Anahitaji kuandika jina la mwombaji, kiasi, muda na wadhamini, lakini safu inayoonyesha kama mkopo umeidhinishwa haimhusu. MySQL na PostgreSQL zote mbili zinakubali ruhusa ya kiwango cha safu, kwa hiyo safu hiyo moja inaweza kuachiwa meneja peke yake bila kumzuia afisa kufanya kazi kwenye sehemu nyingine za jedwali.

Meneja je? Hapa siasa za ofisi huingia. Mkubwa hutaka kila kitu kwa sababu ni mkubwa, na mtu wa kompyuta huona vigumu kumkatalia. Lakini kinachohitajika kwa meneja ni kusoma karibu kila kitu na kuandika mahali pachache sana. Ruhusa haipimwi kwa cheo. Mwaka 1975 watafiti wa usalama wa kompyuta, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliiweka kama kanuni: kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa ruhusa chache kabisa zinazotosha kumaliza kazi yake. Kwa kipimo hicho, keshia anaweza kuwa na ruhusa nyingi za kuandika kuliko bosi wake, na hakuna aliyevunjiwa heshima.

Kusoma nako kusidharauliwe. Jedwali la wanachama lina namba za vitambulisho, simu, mishahara na majina ya wadhamini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ina sheria yake tangu 2019. Keshia anayepokea rejesho anahitaji jina, namba ya uanachama na salio la mkopo. Mshahara wa mwanachama haumhusu, na hifadhidata inaweza kumwonyesha safu hizo tatu pekee.

Kuandika ruhusa za mtu mmojammoja huchosha, na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka nani ana nini. Ndiyo maana ruhusa hufungwa kwenye jukumu: unatengeneza jukumu liitwalo keshia, unalipatia ruhusa zake, kisha watu wanawekwa ndani na kutolewa. Watafiti David Ferraiolo na Richard Kuhn waliupa mtindo huu umbo rasmi mwaka 1992. PostgreSQL ina majukumu tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005. MySQL iliyapata kwenye toleo la 8.0, mwaka 2018. Faida yake huonekana watu wanapohama. Afisa mikopo akihamishiwa uhasibu, kwa kawaida huongezewa ruhusa za kule bila kuvuliwa za huku, na baada ya uhamisho wa pili ana nguvu kuliko meneja bila mtu kukusudia. Ukiwa na majukumu, unamtoa kwenye moja na kumwingiza kwenye jingine.

Yote haya huanguka mara moja pale ofisi nzima inapoingia kwa akaunti moja, ile ya "admin" ambayo nywila yake imebandikwa chini ya kibodi. Mfumo utaandika kumbukumbu kwa uaminifu: admin alibadili, admin alifuta. Admin ni nani? Wote. Hali hiyohiyo hujificha kwenye programu zinazonunuliwa: watumishi wana majina na nywila zao, lakini programu yenyewe inaingia kwenye hifadhidata kwa akaunti ya root, yaani ile yenye mamlaka yote. Mipaka yote hapo iko kwenye vitufe vya skrini, na anayejua kufungua hifadhidata kwa njia nyingine hakutani nayo. Swali la kumuuliza muuzaji ni hilo: programu yako inaingia kwa akaunti gani, na akaunti hiyo ina ruhusa zipi?

Microsoft Access, programu ya hifadhidata inayokaa kwenye faili moja, inastahili maneno yake, kwa sababu ofisi ndogo nyingi huanzia hapo. Mafaili ya zamani ya .mdb yalikuwa na watumiaji na makundi yenye ruhusa tofauti. Muundo wa .accdb, uliokuja na Access 2007, uliondoa utaratibu huo. Kilichobaki ni nywila moja ya faili zima. Baya zaidi, faili likikaa kwenye folda ya pamoja, kila mtumiaji lazima awe na haki ya kusoma na kuandika kwenye folda hiyo, na mwenye haki hiyo anaweza kulinakili faili zima kwenye flashi. Kuficha menyu si ulinzi: mipangilio ya kufungulia hurukwa kwa kushikilia kitufe cha Shift, isipokuwa kama aliyeitengeneza aliizima njia hiyo. Ikiwa data ni ya fedha za watu, ushauri wangu ni kuhamishia majedwali kwenye MySQL au PostgreSQL, ambazo hazilipiwi, na kubaki na fomu za Access mbele kama watumishi wamezizoea.

Bado kuna nakala rudufu, zile za akiba zinazotunzwa data isije ikapotea. Ruhusa husimamiwa na seva. Data ikishatolewa kuwa faili, anayelishika faili hilo analisoma lote, mishahara na wadhamini humo humo. Kwa hiyo flashi ya nakala ya Ijumaa isimbwe kwa nywila, yaani igeuzwe isisomeke bila nywila hiyo, kabla ya kutoka kwenye chumba cha seva, na nywila hiyo isikae kwa mtu yuleyule anayeibeba flashi.