Supoti ya buati ya gia: mawe ya Nyiragongo hayana kosa peke yake

Madereva wa Goma wana mshitakiwa mmoja kwa kila kinachogonga chini ya gari: mawe ya volkano. Springi ikivunjika ni mawe, msalaba, kile kiungo cha kardani, ukilia ni mawe, supoti ya buati ya gia (giaboksi) ikikatika ni mawe. Sibishani nao sana. Anayepita kila siku kwenye mitaa iliyolala juu ya lava ya Januari 2002 anajua inavyomtikisa hadi meno. Lakini kwenye Hilux za zamani zinazoingia garajini kwangu, zile za miaka ya 1980 zenye dizeli ya lita 2.2 au 2.4, mpira unaotoka chini ya buati mara nyingi umekwisha kuuawa na mafuta na gia ya kwanza. Mawe yanaukuta maiti.

Kwa asiyewahi kulala chini ya gari: supoti ni vipande viwili vya chuma vyenye mpira katikati, na mpira huo umepikwa mpaka ukashikana na chuma. Kipande kimoja hufungwa kwenye mkia wa buati, kingine kwenye traversi, yaani ule upau unaokatiza shasi. Injini na buati ni mwili mmoja, unabebwa na supoti mbili ubavuni mwa injini na hiyo ya nyuma. Mpira hubeba uzito, humeza mtetemo usifike kabini, na huzuia buati isijipinde.

Hiyo kazi ya tatu ndiyo husahaulika. Buati ikiizungusha kardani, ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, upande mmoja, yenyewe husukumwa kujipinda upande wa pili kwa nguvu ileile. Na hiyo si nguvu ya injini tupu: gia ya kwanza huizidisha karibu mara nne. Kwenye gari la magurudumu manne yanayovuta, ukitia gia nzito ya transfa, ile buati ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, zidisha tena mara mbili na zaidi. Kwa hiyo supoti haiteseki gari likikimbia kwenye lami. Inateseka gari likiwa limejaa viazi, linapanda jiwe taratibu, na dereva anaachia ambreyaji (klachi) ghafla. Halafu anatia gia ya nyuma ajitoe, na mpira uleule unapindwa upande mwingine.

Mafuta nayo yana ubaya wake. Mpira asilia ukilowa mafuta ya injini au ya gia huvimba, hulegea, kisha huachana na chuma. Sili ya mkia wa buati, ile pete inayozuia mafuta yasitoke, ikivuja tone moja moja, mwenye gari huona doa dogo chini akasema litasubiri. Doa halisubiri, kwa sababu supoti iko palepale kwenye njia ya tone.

Ndiyo maana kabla ya kutupa supoti iliyokufa huwa naishika kwanza. Mpira ukiwa mlaini, unanata na kuacha weusi kwenye vidole, muuaji ni mafuta, na ukifunga mpya bila kubadilisha sili umenunua ugonjwa uleule. Ukiwa mkavu, mgumu, wenye nyufa ndogondogo, ni uzee na joto la bomba la moshi. Ukiwa bado na uhai wake lakini umebanduka kwenye bamba, hapo nakubali mashitaka: mawe, mzigo, na mguu wa kushoto usio na subira.

Dalili zenyewe ni kishindo kimoja kizito, kop!, gari linapoondoka, na kingine ukiachia pedali ya mafuta. Kijiti cha gia kinachoruka au gia inayochomoka yenyewe. Kabini inayotetemeka gari limesimama. Shida ni kwamba msalaba wa kardani uliolika nao hugonga hivyohivyo, na watu wengi wamebadilishiwa misalaba mizima bure. Kwa hiyo pima. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu, asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari, vuta breki ya mkono, kanyaga breki, tia gia ya kwanza na uachie ambreyaji kidogo tu mpaka injini ianze kukaza. Rudia kwa gia ya nyuma. Mwenzako akiwa pembeni ataona buati ikinyanyuka. Kama hujaridhika, zima injini, weka ubao juu ya kriki (jeki) na uinue mkia wa buati unene wa kidole. Mwanga ukipita kati ya mpira na bamba, mjadala umekwisha.

Sasa niseme juu ya supoti za tairi. Mjini kwetu kuna mafundi wanaochonga supoti kutoka tairi kuukuu, na ufundi wao nauheshimu. Tairi hilohilo ndilo linalovalishwa magurudumu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na kushuka na magunia kutoka Kibumba. Lakini kipande cha tairi hubeba uzito kikikandamizwa tu. Hakikushikana na chuma, kwa hiyo buati ikinyanyuka inazuiwa na bolti peke yake. Bolti hupanua tundu la traversi, kisha hung'oa nyuzi za alumini kwenye mkia wa buati. Ukikwama Rutshuru, funga tairi ufike nyumbani. Ukishafika, litoe.

Kununua: nenda Birere, mtaa wetu wa maduka hapa Goma, na supoti ya zamani mkononi. Ya gari la magurudumu mawili yanayovuta haifanani na ya manne, hata kama muuzaji anaapa. Pinda mpira kidogo ukiwa dukani. Nyufa zikifunguka, umekaa juani miaka mingi. Zilizotolewa kwenye magari mengine sizifungi kabisa, maana mpira huzeeka gari likitembea au likilala. Zile ngumu za poliyurethani ni imara, sikatai, ila zinapeleka kila mtetemo kwenye shasi ambayo tayari ina miaka 40.

Kabla ya kuingia chini, jambo moja ambalo sina mzaha nalo: usiegemeze gari juu ya jiwe la lava. Jiwe hilo limejaa matundu ya hewa, na hukatika bila kukuonya. Tumia stendi za chuma chini ya shasi, au magogo mapana ya mti mgumu yaliyopangwa kwa kukatizana, na kriki isibaki peke yake hata dakika moja.

Bolti zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Ondoa waya hasi wa betri. Weka alama ya rangi kwenye traversi kuonyesha upande wa mbele, kwani nyingi zinaingia pande zote mbili na upande mmoja tu ndio sahihi. Beba buati kwa kriki yenye ubao, mpaka uzito utoke kwenye supoti, halafu fungua nati za supoti, kisha bolti za traversi. Hapa weka kijana mmoja juu, boneti ikiwa wazi, aangalie. Mkia wa buati ukishuka, pua ya injini inapanda: feni inaweza kula kava la radieta, waya wa spidomita unavutika, bomba la moshi linapindwa kwenye kiungo chake cha mbele. Shusha kiasi cha kutoa supoti tu.

Traversi ikiwa chini, ioshe na utafute nyufa na matundu yaliyorefuka. Kama sili inavuja, toa kardani uibadilishe sasa, kisha ujaze mafuta ya buati hadi usawa wa tundu la pembeni. Lakini kama mafuta yanatoka nyuma ya injini, simama uzungumze na mwenye gari: buati itabidi itoke yote, na ni afadhali sili ya nyuma ya injini na diski ya ambreyaji vifanywe pamoja.

Bolti za supoti mpya zianze kwa vidole. Alumini haisamehi bolti iliyoingia upande. Rudisha traversi, ingiza kila kitu, ila usikaze. Shusha uzito wote juu ya mpira, toa kriki, rudisha waya wa betri, washa injini, iache iungurume kidogo bila kukanyaga mafuta, zima, ndipo ukaze. Supoti iliyokazwa ikiwa imepindwa hubaki imepindwa, inatetemesha kabini kama ile iliyokufa, na mwenye gari anarudi akisema, "Fundi, umeniuzia feki."

Supoti mbili za injini, zile za mbele, zikiwa zimelala, badilisha zote tatu kama mfuko unaruhusu. Usiporuhusu, anza na iliyolala zaidi na umwambie mwenye gari ukweli kwamba kelele haitakwisha yote. Baada ya safari chache zenye mzigo kaza bolti tena. Ikiwa kop ileile bado ipo, sasa una ruhusa ya kuilaumu kardani: anza na beringi yake ya katikati, kisha misalaba.