Njia ya mbao isiyoziba maji ya kinamasi

Nikiulizwa njia ya wageni ndani ya ardhioevu ijengwe kwa mbao gani, huuliza kwanza maji yanapita wapi. Kinamasi hupitisha maji hata kinapoonekana kimetulia. Ukimwaga kifusi ili watu wapite, umejenga ukuta: upande mmoja mimea huzama, upande wa pili tope hukauka na kupasuka.

Kwa hiyo njia iinuliwe juu ya nguzo. Ninazozipenda zaidi ni za chuma zenye bamba la mzunguko kama skrubu. Hukazwa ardhini kwa mashine ndogo, bila shimo wala zege, na zikihitajika kung'olewa huzungushwa kinyume. Mafundi waanzie nchi kavu, wasonge mbele wakisimama juu ya sehemu waliyokwisha kuijenga. Hili silegezi kamwe, kwani gari likikanyaga mboji laini hata mara moja huigandamiza, na alama yake hudumu miaka. Kazi ifanyike ndege wasipokuwa wanataga. Vifaa na viatu vioshwe kabla ya kuingia, maana mbegu za magugu vamizi husafiri na tope.

Kati ya ubao na ubao acha milimita 10 hivi, ili mwanga na mvua vifike chini. Nafasi ikizidi, fimbo ya asiyeona hunasa. Kiti cha magurudumu kinahitaji duara la mita 1.5 kugeukia, na mteremko usiozidi 1 kwa 12, yaani kupanda mita moja katika mita 12 za urefu.

Mbao zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki sizikubali juu ya maji. Dawa huvuja taratibu, na shaba hudhuru samaki na wadudu wa majini. Plastiki iliyorejelezwa haiozi, ila hupinda na kutanuka kwa joto, hivyo boriti za kuibeba zikaribiane. Mimi huchagua mbao ngumu za asili zenye chanzo kinachojulikana.

Kwa upande wa elimu, fedha ya mabango ningeitumia kujenga jukwaa la chini, karibu kugusa maji, lenye kingo imara, watoto walale kifudifudi na kuchota kwa wavu. Lava, yaani mtoto wa kerengende, akionekana ndani ya sahani nyeupe, maswali huja yenyewe. Njia nayo itoke ukingo mkavu, ipite kwenye matete, ifike maji ya wazi, ili mabadiliko ya mimea yaonekane kwa kutembea. Iishie kabla ya kufikia viota vya ndege, hata wageni wakiomba iendelee.