Kuhifadhi vifaa vya bwawa la kuogelea majira ya baridi: maana yake hasa

Katika sehemu ambazo baridi hufika hatua ya kugandisha maji, bwawa la kuogelea la nje lina msimu wake. Joto likiisha, mwenye bwawa huanza kazi inayoitwa kufunga bwawa. Kufunga huko kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni kuyaandaa maji yenyewe: kuyasafisha, kuyapima, kuyatia dawa na kuyafunika. Nyingine, ambayo ndiyo nataka kuieleza hapa, ni kuhifadhi vifaa: pampu, chujio, hita, ngazi, mipira ya maji, vipimo na dawa. Maji yakichafuka, yatasafishwa. Pampu ikipasuka, imepasuka.

Kwa maneno mepesi, kuhifadhi vifaa kwa majira ya baridi ni kutoa maji katika kila kitu ambacho ndani yake maji hayo hayana nafasi ya kutanuka, kisha kukiweka mahali ambapo unyevu, jua, panya na mvuke wa kemikali havitakifikia mpaka msimu urudi. Neno "kuhifadhi" linaweza kumpotosha mtu, akadhani ni kubeba na kurundika stoo basi. Kifaa kinaweza kubaki palepale kilipofungwa, kikawa kimehifadhiwa vizuri. Kingine kikapelekwa stoo kikiwa bado na maji tumboni, na kikapasukia humohumo.

Sababu iko kwenye maji. Vitu vingi husinyaa vinapopoa. Maji nayo husinyaa, lakini mpaka nyuzi 4 za Selsiasi tu. Chini ya hapo huanza kutanuka, na yakishaganda kwenye nyuzi 0 ujazo wake huwa umeongezeka kwa takriban asilimia 9. Kwa ndoo iliyo wazi hilo si neno, maana barafu itapanda juu. Lakini ndani ya pampu iliyojaa maji na kufungwa kila upande, barafu haina pa kupanda, na nguvu yake huishinda plastiki ngumu, shaba, hata chuma.

Ndiyo maana bwawa lenyewe halimo hatarini kama vifaa vyake. Uso wake uko wazi, barafu hutanda juu, na maji mazito zaidi, yale ya nyuzi 4, hutulia chini bila kuganda. Wapo wanaofikiri usalama ni kumwaga bwawa lote. Kwa bwawa lililochimbwa ardhini, hilo ni kosa kubwa. Uzito wa maji ndio unaolishikilia, na likiachwa tupu, maji ya ardhini yanaweza kulisukuma kutoka chini mpaka likainuka au sakafu ikapasuka. Kinachotakiwa kukauka ni vifaa na mabomba.

Tuanze na pampu, kwa sababu ndiyo hupasuka kwa urahisi. Kwanza zima umeme kwenye swichi kuu inayoilisha, usitegemee kitufe cha pampu peke yake. Fungua kifuniko, toa kikapu cha kunasia majani. Sasa tazama chini ya pampu. Pampu nyingi zina vizibo viwili vya kutolea maji, kimoja chini ya sehemu ya kikapu, cha pili chini ya sehemu yenye feni inayosukuma maji. Ukifungua cha kwanza, maji hutoka kwa nguvu, yanapungua, yanakuwa matone, yanakoma. Hapo ndipo wengi huridhika. Fungua cha pili, na maji mengine yatatoka, yale yaliyokuwa yamejificha kuzunguka feni. Halafu, kama inawezekana, iinamishe pampu kidogo. Yatatoka tena.

Mwaka mmoja mimi nilifungua kizibo kimoja nikaondoka. Msimu uliofuata kila kitu kilionekana kizima. Nilipowasha pampu ndipo maji yakaanza kuchuruzika sakafuni, na nilipopiga magoti na tochi nikaona ufa mwembamba kama unywele ukipita chini ya ganda la plastiki, kutoka kwenye tundu la kizibo cha pili ambacho sikukigusa. Ilibidi ganda zima libadilishwe. Tangu siku hiyo siiamini pampu kwa kuitazama. Umeme ukiwa umezimwa, natia kidole kwenye kila tundu, na kidole kikitoka na maji, kazi haijaisha.

Vizibo ukishavitoa, usivirudishe. Viweke ndani ya kikapu cha pampu, ukifunike, na matundu uyaache wazi ili unyevu wowote utakaojikusanya upate njia. Kama pampu imefungwa kwa yunioni, yaani kiungo cha bomba kinachofunguka kwa kuzungushwa, ifungue uiingize stoo kavu. Kama itabaki nje, ikinge na mvua kwa juu, lakini usiizungushie nailoni ukaibana. Nailoni hunasa unyevu, na unyevu ukikaa miezi kadhaa ndani ya mota, beringi hupata kutu. Pampu ya namna hiyo huwaka msimu ukianza, ila kwa mlio wa kusaga unaosikika mbali.

Chujio hutegemea aina yake. La mchanga halihitaji kutolewa mchanga. Lisafishe kwa kuyarudisha maji kinyumenyume, kisha fungua kizibo cha chini na uwe na subira, kwa maana mchanga huachia maji taratibu na unaweza kuendelea kudondosha mpaka kesho yake. Ile vali ya njia nyingi iliyo juu au ubavuni, inayochagua maji yapite wapi, bonyeza mkono wake uuache katikati ya alama mbili, isipokuwa kama ina alama yake ya majira ya baridi. Ukiwa katikati, gaski ya ndani haibanwi sehemu moja miezi yote, na hewa inapita. Geji ya presha ifungue uiweke ndani ya nyumba. Ni ndogo na husahauliwa, lakini tone la maji linaloganda ndani yake linatosha kuiharibu.

Chujio la katriji hutolewa lote. Lioshe kwa mpira wa maji, mkunjo kwa mkunjo, kutoka juu kwenda chini, kisha lianike mpaka likauke kabisa. Hapa sisitizo langu ni "kabisa". Kitambaa chenye mikunjo mingi kinaweza kuwa kikavu mkononi na kibichi katikati, na ukikifungia hivyo utakikuta na ukungu. Kiweke juu, si sakafuni, kwa sababu mikunjo ile panya huiona kuwa nyumba tayari.

Hita inahitaji uangalifu zaidi, kwani mirija yake ya ndani mara nyingi ni ya shaba nyembamba na kuitengeneza ni gharama. Zima umeme, funga gesi kama inatumia gesi, fungua vizibo vyote, na usisahau kamrija kadogo kanakokwenda kwenye swichi ya presha. Kama huijui hita yako, mwite fundi. Mabomba ya ardhini nayo hayatoki, kwa hiyo maji yake hupulizwa kwa kompresa kisha midomo yake huzibwa kwa vizibo vya mpira. Wengine huongeza dawa ya kuzuia kuganda. Iwe ile ya mabwawa, ya propilini glaikoli. Ile ya magari kwa kawaida ni ethilini glaikoli, na hiyo ni sumu.

Sasa, kuna kifaa kimoja kinachokwenda kinyume na yote niliyoeleza. Bwawa lenye mtambo wa kupima maji wenyewe huwa na kihisi cha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kijiti chenye ncha ya kioo laini. Hicho kikikauka huharibika. Mtu aliyekwisha kariri kwamba kila kitu lazima kikauke atakifuta vizuri kwa kitambaa, atakiweka kwenye droo, na atakitoa kikiwa hakifai. Kihisi hicho hukaa na kikofia chake kikiwa na myeyusho wa kloridi ya potasiamu, tena ndani ya nyumba pasipoganda. Maji safi yaliyokenekwa hayafai badala yake, kwa sababu hunyonya chumvi ya ndani ya kihisi. Dawa za matone za kupimia maji nazo zisiachwe zigande, na za zamani ni heri zibadilishwe msimu ukianza, maana kipimo kinachodanganya ni kibaya kuliko kutopima.

Vilivyobaki si vigumu. Roboti ya kusafishia ioshwe, ikaushwe, na waya wake uviringwe kwa duara pana bila kuupinda. Mipira mirefu imwagwe maji na ilazwe, isining'inizwe kwenye msumari mmoja ikajikunja hapo. Ngazi za chuma zisuuzwe kwa maji yasiyo na klorini. Turubai la kuhifadhi joto likaushwe, likunjwe na kuwekwa mbali na jua. Oringi, yaani zile pete za mpira zinazozuia maji kuvuja, zifutwe na kupakwa grisi ya silikoni. Usitumie mafuta ya kujipaka ya petroli, kwani huvimbisha baadhi ya mipira, na pete iliyovimba haikai tena kwenye mfereji wake.

Dawa ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu kosa hapa haliishii kwenye kifaa. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Na klorini zenyewe si za aina moja: kalsiamu haipokloriti ikichanganyika na trikloro inaweza kuwaka moto au kulipuka, ingawa kwenye makopo zote zinaitwa klorini. Kwa hiyo usimimine mabaki ya kopo hili kwenye lile ili kupunguza nafasi, wala usitumie kijiko kimoja kwa zote. Kila dawa ibaki kwenye chombo chake cha asili, kifuniko kikiwa kimekaza, mahali pakavu, penye hewa, pasipofikiwa na watoto. Za maji zikae chini na za unga juu, ili za maji zikivuja zisimwagikie zile kavu. Klorini ya maji hupungua nguvu kadiri inavyokaa, hivyo ni afadhali uimalize kabla ya kufunga bwawa. Vidonge vya klorini vitoe kwenye kitoleo chake usiviache humo. Na usiziweke dawa hizi chumba kimoja na pampu au hita. Hata makopo yakiwa yamefungwa, mvuke kidogo hupenya, na baada ya miezi michache utaiona kazi yake kwenye kila skrubu: kutu ya rangi ya chungwa.

Kabla hujafunga stoo, piga picha namna mabomba yalivyoungana na uandike kwa kalamu ya wino mzito kila yunioni inakwenda wapi. Skrubu za kila kifaa zitie kwenye mfuko wake na ufunge mfuko huo kwenye kifaa chenyewe. Siku ya kurudisha, vizibo vikirudi mahali pake na oringi zake, jaza pampu maji kwa ndoo kupitia kwenye kikapu kabla ya kuwasha umeme, kwa sababu sili, yaani kizuia maji kilicho kwenye mhimili wa mota, hupozwa na maji yaleyale, na ikizungushwa kavu huungua kwa dakika chache.