Mtakatifu Antoni wa Padua: alichohubiri, na tunachomzulia

Juni 13, sikukuu ya Mtakatifu Antoni wa Padua, inapokaribia, ofisi yetu ya katekesi hupokea maswali mengi, na safari hii malalamiko yamezidi. Kuna ujumbe wa WhatsApp unaomtaka muumini atume sala ya Mtakatifu Antoni kwa watu 13, la sivyo balaa litamfika. Kuna vikaratasi vya novena (sala ya siku tisa) visivyoonyesha nani kavitoa. Kuna kadi zinazouzwa kwa madai kwamba zina kipande cha masalia yake, yaani mabaki ya mwili au mavazi yake. Wengi wanaotuletea vitu hivi wana imani safi, hilo hatulitilii shaka. Lakini ukiwauliza Antoni alikuwa nani, jibu ni lile lile: "wa vitu vilivyopotea".

Hakuwa Mwitaliano, na jina alilobatizwa si Antoni. Alizaliwa Lisbon, Ureno, karibu mwaka 1195, akaitwa Fernando. Angali kijana alijiunga na Wakanoni wa Mtakatifu Agustino, shirika la mapadre wanaoishi pamoja kitawa, katika nyumba ya São Vicente, nje ya ukuta wa mji. Marafiki walipozidi kumtembelea na kumkosesha utulivu, aliomba kuhamia Coimbra, na huko alizama katika Maandiko kwa miaka minane hivi. Miaka hiyo naitaja kwa makusudi. Wapo wanaofundisha kwamba Antoni alifungua kinywa tu, Roho akajaza maneno. Si kweli, na mafundisho hayo yanawapa visingizio wahubiri wasiotaka kusoma.

Januari 1220 Wafransisko watano, watawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, waliuawa Marrakech, Moroko, na miili yao ikaletwa Coimbra. Fernando akavua kanzu ya Kikanoni, akavaa ya Ndugu Wadogo, yaani Wafransisko, akajiita Antoni kwa heshima ya mtawa aliyeishi jangwani Misri. (Huyo ni mtakatifu mwingine, sikukuu yake ni Januari 17. Tunaziomba parokia ziache kuwachanganya kwenye mabango.) Akaenda Moroko akitamani kufa shahidi. Badala yake alilazwa na ugonjwa majira yote ya baridi, na meli iliyokuwa ikimrudisha nyumbani ikasukumwa na upepo hadi Sicily. Hivyo ndivyo alivyofika Italia.

Kwa miezi kadhaa hakuna aliyemjua. Alikaa Montepaolo, karibu na Forlì, katika sala na kazi za nyumba. Mwaka 1222, Wafransisko na Wadominiko (watawa wa shirika jingine) walipokusanyika Forlì kwa ajili ya upadrisho, ilibainika kwamba hakuna aliyeandaa mahubiri. Mkuu wake akamwamuru Antoni asimame aseme litakalomjia. Aliposema, waliohudhuria walitambua kwamba ndugu huyu kimya amebeba Biblia kifuani.

Hapa naomba nieleweke vizuri. Antoni hakutoka Forlì akajitangaza mhubiri. Alitumwa na wakubwa wake. Kanuni ya Mtakatifu Fransisko iliyothibitishwa mwaka 1223, sura ya 9, inakataza ndugu kuhubiri katika jimbo la askofu aliyewazuia, na inamtaka kila mhubiri apimwe kwanza na kukubaliwa na mkuu wa shirika. Leo utaratibu ni huu: padre na shemasi wanayo ruhusa ya kuhubiri popote, ila kwa ridhaa, japo ya kudhaniwa, ya msimamizi wa kanisa husika, na ruhusa hiyo askofu anaweza kuibana au kuiondoa (kanuni ya 764 ya Sheria ya Kanisa). Mlei anaweza kuruhusiwa kuhubiri kanisani katika mazingira fulani (766). Homilia, yaani mahubiri ya ndani ya misa, ni ya padre au shemasi (767).

Fransisko mwenyewe alimwandikia kumruhusu awafundishe ndugu teolojia, mradi masomo yasizime moyo wa sala. Alifundisha Bologna, akahubiri kusini mwa Ufaransa, akarudi kuwa mkuu wa ndugu wa kaskazini mwa Italia. Kwaresima ya 1231 alihubiri Padua kila siku. Aliyeandika maisha yake kwanza anasema umati ulifika watu 30,000, makanisa yakawa madogo, wakahamia mashambani.

Na alihubiri nini? Riba. Mtu anayejua machungu ya mkopo wa kausha damu ataelewa kwa nini watu waliacha kazi wakamsikilize. Machi mwaka huo mji wa Padua ulipitisha sheria kwamba mdaiwa aliyekwisha kutoa mali zake asifungwe gerezani, na sheria yenyewe inataja ombi la Ndugu Antoni. Muda mfupi baadaye alikwenda Verona kumsihi mtawala Ezzelino da Romano awaachilie wafungwa. Akanyimwa, akarudi mikono mitupu. Sijapata kuona kikaratasi cha novena kinachoyataja haya.

Alifariki Juni 13, 1231, mahali paitwapo Arcella, akirudishwa Padua kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alizikwa siku ya Jumanne, ndiyo maana ibada yake huwa Jumanne. Papa Gregori IX alimtangaza mtakatifu huko Spoleto Mei 30, 1232, mwaka haujatimia. Uchunguzi ulifanyika, na miujiza 53 ilisomwa siku hiyo. Mwaka 1946 Papa Pius XII alimtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Habari ya vitu vilivyopotea inatokana na simulizi la mnovisi (mtawa aliye bado katika malezi) aliyetoroka na kitabu chake cha Zaburi, kisha akakirudisha baada ya Antoni kusali. Kuomba msaada wake ni halali kabisa. Kutishia watu kwa jina lake ni ushirikina, futa ujumbe huo.

Kuhusu vikaratasi: kitabu cha sala hakitolewi bila ruhusa ya askofu mahalia (kanuni ya 826). Andiko lisiloonyesha ruhusa lifikishwe kwa paroko, naye alilete jimboni. Kuuza masalia ni marufuku kabisa (1190). Sadaka ya nia ya misa, ile anayotoa muumini ili misa isomwe kwa nia yake, isionekane hata kwa mbali kuwa biashara (947), na anayeifanyia biashara anastahili adhabu ya Kanisa.

Ule "mkate wa Mtakatifu Antoni", desturi iliyoenea kutoka Toulon, Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 19, ni sadaka ya maskini. Hauendi kwenye rangi ya kanisa wala spika mpya. Sanduku lake lifunguliwe na watu wasiopungua wawili, hesabu isomwe mbele ya jumuiya, na fedha ziwafikie wenye njaa wa mtaa huo wiki hiyo hiyo.