Klorokwini haikufichwa, ilipimwa

Mpaka leo ukikaa kijiweni humkosi mtu wa kusema klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria, ilikuwa inaponya korona ila wazungu wakaificha. Hapana jamani. Mwanzoni mwa 2020 maabara ziliona inazuia kirusi kuingia kwenye seli, sawa, lakini zile zilikuwa seli za figo ya tumbili, na kwenye seli za mapafu ya binadamu kirusi kina mlango mwingine ambao klorokwini haiugusi, ndo maana matumaini yakaishia kwenye vichupa. Uingereza wakafanya jaribio la RECOVERY, wagonjwa 1,561 waliolazwa wakapewa haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini: ndani ya siku 28 wakafa asilimia 27, na kati ya wale 3,155 wasiopewa wakafa asilimia 25. Yaani hamna kitu.

Na kama njama ni kuficha dawa za bei chee, mbona jaribio hilohilo ndo lilitangaza deksamethasoni, Juni 2020? Dawa ya miaka mingi, bei rahisi, ikapunguza vifo kwa theluthi moja hivi kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Ila kwa asiyehitaji oksijeni haikusaidia, kwa hiyo za kujinunulia duka la dawa na kumeza nyumbani zilikuwa kazi bure.