Masafa ya chaji moja: zile kilomita zinazotangazwa zinatoka wapi?

Masafa ya chaji moja ni umbali ambao gari la umeme linatembea tangu betri ikiwa imejaa mpaka inapoisha. Maana yake nyepesi. Kazi iko kwenye namba, kwa sababu gari lilelile hupewa kilomita tofauti kutegemea nani kalipima, kwa utaratibu gani, na siku hiyo lilivaa rimu zipi.

Chukua sedani tatu ambazo hazikosekani kwenye mabishano ya magari ya umeme yenye mbio. Kwa kipimo cha EPA, mamlaka ya mazingira ya serikali ya Marekani, Tesla Model S Plaid ya 2021 ilipewa maili 396, sawa na kilomita 637. Lucid Air Dream Edition Range, iliyotoka mwaka huohuo, ikapewa maili 520, yaani kilomita 837. Porsche Taycan Turbo S ya 2020 ikaambulia maili 192, kilomita 309 tu. Ukiishia hapo, Porsche imeshapigwa bao kabla haijatoka gereji.

Lakini EPA hawaliendeshi gari barabarani mpaka lizime. Linawekwa kwenye rola maabara, linakimbizwa kwa ratiba ya mjini na ya barabara kuu hadi betri ikauke, halafu matokeo yanakatwa ili yafanane na maisha ya kawaida. Makato ya kawaida ni makubwa: unazidisha kwa 0.7. Kampuni ikikubali kufanya majaribio ya ziada, inaweza kukatwa pungufu ya hapo. Hapo ndipo mlinganisho unapoanza kupinda, maana magari mawili yanaweza kusimama kwenye jedwali moja huku kila moja limekatwa kivyake. Taycan Turbo, ndugu wa Turbo S, ilipewa maili 201 na EPA. Wapimaji walioajiriwa na Porsche wakapata 275. Ndiyo, aliyelipa ni Porsche mwenyewe, kwa hiyo pokea kwa tahadhari, ila tofauti ya maili 74 si ya kupuuza.

Ulaya wana kipimo chao, WLTP, kilichoanza Septemba 2017. Ni safari ya kilomita 23 na ushei kwa dakika 30, spidi ya juu 131, lakini wastani wake ni kilomita 46.5 tu kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita za WLTP karibu kila mara huzidi za EPA. Mtu akikuwekea WLTP ya gari moja mbele ya EPA ya jingine, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna na urembo. Plaid ileile ukiivalisha rimu za inchi 21 badala ya 19, EPA inashuka hadi maili 348, kilomita 560. Betri ni ileile na mota ni zilezile.

Mimi namba ninayoitafuta kwanza ni kilomita kwa yuniti moja, yaani kilowati-saa, yuniti hiihii tunayonunua kwa LUKU. Gawanya masafa kwa ukubwa wa betri. Lucid ina betri ya yuniti 118 hivi, kwa hiyo ni kilomita 7 kwa yuniti. Plaid, kwa betri ya yuniti zinazokaribia 100, inapata 6 na kitu. Taycan Turbo S ina yuniti 83.7 za kutumika, inapata 3.7, na hata ukiirudishia makato yake bado iko nyuma. Hesabu hii inaonyesha kwamba Lucid haikushinda kwa kubeba betri kubwa peke yake. Umbo lake linapasua upepo vizuri na mifumo yake haipotezi umeme ovyo.

Sasa yalete magari haya kwetu. Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 hivi, na sehemu kubwa ya njia ni Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti: vibao vya 50, pundamilia, matuta. (Sedani zilivyo chini hizi, tuta litakupunguza mwendo utake usitake.) Kwa gari la umeme mwendo huo ni neema. Upepo hauna nguvu ya kulizuia, na kila ukipunguza mwendo mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ya Dar. Injini ya petroli isiyo na tabo (pampu ya kuisukumia hewa) inapungukiwa nguvu hapa. Mota ya umeme haina habari.

Pita Mwanga uelekee Same, barabara inanyooka, mguu unakuwa mzito. Kwa spidi 120 upepo unalisukuma gari nyuma mara mbili na robo kuliko kwa 80. Kilomita za tangazo huyeyukia kwenye tambarare kama ile. Mlima nao una bei yake: kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu unapanda mita 900 na zaidi, na gari la tani 2.4 pamoja na abiria litatumia yuniti 6 hivi kwa kupanda tu, mbali na za kusogea mbele. Ukishuka, sehemu nzuri ya hizo inarudi.

Kwenye mbio, tahadhari ni ileile. Plaid ina nguvu farasi 1,020, na Tesla inatangaza kwamba inafika maili 60 kwa saa kwa sekunde 1.99, ila saa inaanza kuhesabu gari likiwa limeshasogea futi moja. Turbo S ile ya 2020 ina farasi 750. Kwenye uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, Plaid ilizunguka kwa dakika 7 na sekunde 35.58 mwaka 2021. Mwaka uliofuata Turbo S ikaja na 7:33.35. Farasi 270 pungufu, na bado ikatangulia. Mzunguko unaozidi kilomita 20 unachosha breki na kupasha moto betri na mota, mambo ambayo mchomoko wa sekunde mbili hauyafikii. Tesla walilijua hilo: mwaka 2023 walirudi na breki kubwa za kaboni na tairi za mbio, wakapata 7:25.23.

Na mwenye kutaka kuchaji nyumbani Njiro kwa soketi ya kawaida ya ampea 13 ajue inatoa kilowati 3 hivi. Betri ya Plaid ikiwa tupu itahitaji saa 33 au zaidi, na chaji hiyo moja inapita yuniti 75, kikomo cha mwezi mzima kwa wateja wa TANESCO wa matumizi madogo.